Kushirikishwa si kushirikiana jamani

Juzi nilikaa kwenye semina moja hapa Mombasa, kijana ana slaidi zake nzuri anatuambia mradi wao wa jeni za bakteria ni "ushirikiano na jamii", kalitaja neno hilo mpaka nikaacha kuhesabu. Nikamgeukia mama mmoja ubavuni pangu nikamuuliza, mama, wewe mmeshirikiana nao vipi? Akanambia, "Nilipewa kikopo mwanangu, nikatia choo, nikarudisha. Basi."

Sasa ushirikiano ni watu kufanya kazi moja, kila mtu kaja na kitu ambacho mwenzake hana. Maana yenyewe ndio hiyo, haina mengi. Kinachoniudhi mimi ni viambishi. Neno lenyewe limetoka kwa Kiarabu, mzizi ule ule wa shirki tuliyoonywa madrasa, yani kumtilia Mungu mshirika, na mshirika ni mwenye fungu lake ndani ya kitu. Kwa hivyo tangu zamani hili ni neno la fungu, sio la kuhudhuria. Ukisema kushirikiana, ile -an- ni ya huku na huku kama kupiga na kupigana. Kushirikishwa je? Hapo kuna mwenye shughuli yake, wewe amekuingiza tu, na akitaka anakutoa. (Na ushirika wa sakosi, vile vyama vya akiba na mikopo, ni kitu chengine, tusichanganye.)

Hebu tazama kina Stanley Cohen na Herbert Boyer, wanasayansi wawili wa Marekani. 1972 walikutana Hawaii kwenye mkutano wa plasmidi, vile viduara vya DNA vinavyokaa kando ndani ya bakteria na mara nyingi ndivyo vinavyobeba usugu wa dawa. Cohen wa Stanford alijua kuziingiza plasmidi ndani ya bakteria, Boyer wa San Francisco alikuwa na EcoRI, kimeng'enya kinachokata DNA kikaacha ncha zinazonasana. Usiku wakaenda kula sandwichi, na mpango ukaanzia pale mezani, kama sisi tunavyopangia mambo kwenye mishkaki. Bila Boyer, Cohen ana viduara hana mkasi, na bila Cohen, Boyer ana mkasi akate nini? Wakaunganisha plasmidi mbili, wakapata bakteria wasiosikia tetrasaiklini wala kanamaisini, dawa mbili za kuua bakteria. Makala ya Novemba 1973 ina majina manne, na la pili ni la Annie Chang, msaidizi wa maabara ya Cohen. Hilo ndilo nilipendalo zaidi, fungu lake limeandikwa.

Yule kijana simlaumu sana, ana adabu na chai ilikuja na mahamri. Na kikopo nacho ni mchango, bila vikopo hana hao bakteria wa kusoma jeni zao. Angesema tu "jamii imetuchangia sampuli" tungemuelewa, halafu yule mama angepata pa kuanzia kuuliza majibu ya kikopo chake yako wapi.