Kura sita za Dixville Notch: dhana potofu na ukweli

Jumanne ya tarehe 5 Novemba 2024, baada tu ya saa mbili asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, "matokeo ya kwanza ya Marekani" yalianza kusambaa: Trump 3, Harris 3. Yalitoka Dixville Notch, kitongoji cha milimani kaskazini mwa jimbo la New Hampshire, karibu na mpaka wa Kanada, ambako saa sita usiku ilikuwa imepita punde. Kila uchaguzi kura hizi hubebeshwa mzigo usio wake, na waliozipiga wanastahili kusomwa vizuri zaidi.

Dhana: Anayeongoza Dixville ndiye anayekwenda Ikulu

Rekodi inakataa. Mwaka 1960, walipopiga kura usiku kwa mara ya kwanza, Richard Nixon alizoa kura zote 9. John F. Kennedy hakupata hata moja, na ndiye aliyeshinda urais. Mwaka 2016 Hillary Clinton aliongoza kwa 4 dhidi ya 2 za Trump. Januari 2024, kwenye kura za mchujo za Republican, Nikki Haley alipata 6 kwa 0, na siku hiyohiyo Trump akashinda jimbo zima. Iko miaka waliyopatia, kama 2004 na 2008, lakini hata anayerusha shilingi hupatia.

Wengi waliisoma sare ya 2024 kama picha ya taifa lililogawanyika nusu kwa nusu. Mpiga kura mmoja tu angebadili mawazo, yangekuwa 4 kwa 2, nasi tungeambiwa habari za ushindi wa kishindo wa asilimia 67.

Dhana: Wachache wanaojuana lazima wawe wa chama kimoja

Hili ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu ndipo tunapowadharau watu wa sehemu ndogo. Kati ya wapiga kura wale sita wa 2024, wanne waliandikishwa kama Republican na wawili hawakutaja chama. Hakukuwa na Democrat hata mmoja. Harris alipata kura 3, kwa hiyo hata kama wote wawili wasio na chama walimpa yeye, angalau Republican mmoja alivuka mstari.

Kwenye mchujo wa Februari 2020, Michael Bloomberg, bilionea aliyewania tiketi ya Democratic, hakuwamo kwenye karatasi ya kura. Watu watatu kati ya watano waliliandika jina lake kwa mkono, mmoja upande wa Republican na wawili upande wa Democratic. Novemba mwaka huo Biden alipata 5 kwa 0, huku Millsfield, majirani walio katika kaunti hiyohiyo ya Coos, wakimpa Trump 16 kwa 5. Familia moja ikihamia au ikihama Dixville, "mwelekeo wa kisiasa" wa mahali hapo huweza kugeuka wote.

Dhana: Asilimia 100 ya waliojitokeza ni dalili ya mwamko mkubwa

Sheria ya New Hampshire inaruhusu jamii zenye wapiga kura chini ya 100 kufungua kituo saa sita usiku na kukifunga mara wote walioandikishwa wakishapiga kura. Bila wote kupiga, hakuna kufunga mapema wala matokeo ya usiku. Aliyeanzisha jambo hili Dixville ni Neil Tillotson, tajiri wa viwanda vya mpira na mmiliki wa hoteli ya Balsams, aliyekuwa wa kwanza kutumbukiza kura hadi alipofariki mwaka 2001 akiwa na umri wa miaka 102.

Angalia sasa idadi yenyewe: kura 27 mwaka 2000, 21 mwaka 2008, 10 mwaka 2012, 5 mwaka 2020. Hoteli ilifungwa mwaka 2011 na ajira zikaondoka nayo. Asilimia ilibaki mia, watu ndio waliopungua. Kabla ya uchaguzi wa 2020 walikuwa wamebaki wanne, wasiotosha kujaza nafasi za usimamizi wa kura, hadi mkazi mmoja alipohamia.

Dhana: Wao ndio Wamarekani wa kwanza kupiga kura

Hart's Location, kijiji kingine cha jimbo hilo, kilipiga kura usiku wa manane mwaka 1948 kwa ajili ya wafanyakazi wa reli waliotakiwa kazini alfajiri. Na kufikia usiku ule wa 2024, Wamarekani zaidi ya milioni 80 walikuwa wameshapiga kura za mapema au za posta. Dixville hutangulia kutangaza tu.

Dhana: Kura yao ni siri kama ya mwingine yeyote

Kura hupigwa faraghani, sawa. Lakini huhesabiwa palepale mbele ya kamera, na matokeo huandikwa ubaoni. Mwaka 2020, Biden alipotangazwa kupata 5 kwa 0, dunia nzima ilijua kila mmoja wa wale watano alimpigia nani.