Pesa za bustani Nakuru haziamuliwi Juni

Wengi hapa Nakuru huamini kwamba pesa za bustani, sanaa na tamasha za katikati ya jiji huamuliwa Juni, bajeti inaposomwa. Si kweli, na imani hiyo inatugharimu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti iwasilishe mpango wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge lake kufikia 1 Septemba, miezi kumi kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai. Februari huja waraka wa mikakati ya fedha, unaoweka vikomo vya matumizi, na Aprili, makadirio ya bajeti. Juni mengi yameshafungwa.

Tena pesa zenyewe si fungu moja. Kukarabati bustani kama Nyayo Gardens ni matumizi ya maendeleo, yanayopaswa kupata angalau asilimia 30 ya bajeti katika kipindi cha kati, yaani cha miaka kadhaa. Kumlipa mtunza bustani au wasanii wa tamasha ni matumizi ya kawaida, fungu linalogombaniwa pia na mishahara yote ya kaunti. Ndiyo maana bustani yaweza kufunguliwa kwa vigelegele, kisha ikakosa wa kuimwagilia maji. Kwenye kikao cha maoni ya wananchi katika wadi, tusiombe bustani tu. Tuombe na mtunzaji wake, kwa maandishi.