Kijana kapata timu Cyprus? Uliza kwanza ni upande upi

Mkataba ulinifikia usiku kwa WhatsApp: kurasa tatu zilizopigwa picha juu ya shuka la maua. Aliyetuma ni mjomba wa winga mmoja niliyewahi kumsimamia madai ya mshahara hapa nyumbani. "Wakili, kijana wetu kapata timu Ulaya, Cyprus. Tuangalizie tu kama uko sawa, tiketi imeshakatwa." Mshahara ulikuwa kwa lira ya Uturuki. Juu ya karatasi zilisimama herufi nne: KTFF. Nikamwandikia, "Mzee wangu, hiyo tiketi inamshusha uwanja gani?" Akakaa kimya dakika kadhaa, nadhani alikuwa anamuuliza kijana. Kisha: "Ercan."

Mtu wa mpira akisikia Cyprus anawaza APOEL, waliofika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 2012, au Anorthosis waliotoka sare ya 3-3 na Inter Milan mwaka 2008. Hao wote wako chini ya chama cha soka cha Kupro (ndiyo hiyo Cyprus), CFA, kilicho mwanachama wa FIFA tangu 1948. Ercan ni uwanja wa ndege wa upande wa pili wa kisiwa, kaskazini, ambako jeshi la Uturuki liliingia mwaka 1974 na ambako mwaka 1983 ilitangazwa jamhuri inayotambuliwa na Uturuki peke yake. Huko nako kuna ligi. Ina madaraja, ina kupanda na kushuka, ina mashabiki wanaotukanana kila wikiendi kama sisi tu. Inaendeshwa na KTFF, chama cha soka cha Waturuki wa Kupro.

Wengi hudhani chama hicho kilizaliwa na vita vya 1974. Hapana, ni mtoto wa 1955. Kabla ya hapo kisiwa kizima kilicheza ligi moja. CFA ilipoanzishwa mwaka 1934, klabu ya Waturuki wa Nicosia ilikuwa miongoni mwa waanzilishi, na mwaka 1951 Çetinkaya, timu ya Waturuki, ndiyo iliyotwaa ubingwa wa Kupro yote. Miaka minne baadaye yakaanza mapambano ya Wagiriki wa Kupro ya kutaka kisiwa kiungane na Ugiriki, timu za Waturuki zikajikuta hazina nafasi kwenye viwanja vya ligi, zikaunda chama chao. Waingereza walikuwa bado ndio watawala. Kwa hiyo soka iligawanyika kabla Kupro yenyewe haijapata uhuru mwaka 1960, na kabla ya mpaka wowote kuchorwa.

Vita vikazihamisha klabu zenyewe. Anorthosis ni timu ya Famagusta, lakini tangu 1974 makao yake ni Larnaca, na jina la mji ilioukimbia bado imelibeba. Doğan Türk Birliği ni timu ya Waturuki wa Limassol, huko kusini, na leo inacheza Girne, kaskazini. Ukitazama ratiba ya ligi yoyote kati ya hizo mbili bila kujua historia, utadhani aliyepanga viwanja alikosea.

Sasa turudi kwenye karatasi za mjomba, maana hapo ndipo kazi yangu ilipo.

Mchezaji akitoka klabu ya Tanzania kwenda klabu ya nchi nyingine, chama cha huko huiomba TFF, chama chetu cha soka, kibali cha uhamisho, kile ambacho redioni mnakisikia kikiitwa ITC. Ombi hupita kwenye mfumo wa kompyuta wa FIFA, TMS, ambao ni wa lazima tangu Oktoba 2010. Kibali kikitoka, usajili wake hapa unafungwa na kule unafunguliwa. KTFF haimo ndani ya mfumo huo. Haina cha kuomba, na TFF haina wa kumpa. Kijana atavaa jezi, atafunga mabao, atapigwa picha na wenyeji, lakini kwenye mfumo bado ni mchezaji wa klabu yake ya mwisho hapa nyumbani.

Mjomba alinijibu, "Sasa si ndiyo vizuri? Akirudi hakuna usumbufu." Nilicheka, lakini ana nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni hii. Kijana alikuwa amebakiza miezi saba kwenye mkataba wake wa hapa. Akiondoka kimya kimya, klabu yake inaweza kumfikisha kwenye kamati ya TFF kwa kuvunja mkataba, na adhabu itamsubiri siku atakayotaka kusajiliwa tena mahali popote duniani penye FIFA. Lakini klabu ya kule ikimkalia mshahara miezi minne, yeye hana mlango wa FIFA wa kubisha. Chumba cha FIFA cha kusuluhisha migogoro husikiliza kesi za klabu zilizo chini ya vyama wanachama. Atabaki na kamati za huko huko na mahakama za huko huko, kwa lugha asiyoijua, na kibali cha kuishi ambacho huenda kimefungwa kwenye mkataba uleule anaoulalamikia.

Ipo pia hela ambayo hakuna anayeiulizia. Mchezaji anapouzwa kimataifa kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Timu nyingi za mtaani kwetu hazijui hata kwamba zina haki hiyo (hilo nitaliandikia siku yake). Anayepitia Kupro ya Kaskazini anaacha pengo kwenye kumbukumbu zake: misimu aliyocheza huko haina mwenyewe, na akiuzwa kutoka huko hakuna mfumo wa kukata chochote kwa ajili ya timu ya Magomeni au Mwembe Makumbi iliyomnunulia viatu vya kwanza.

Wenyeji wameumia zaidi yetu, tusisahau hilo. Kijana aliyezaliwa Girne hawezi kucheza hata mechi moja ya awali ya mashindano ya UEFA akiwa na timu ya kwao. Mwaka 2007 Luton Town ya Uingereza ilipanga kucheza mechi ya kirafiki na Çetinkaya. Mechi ikafutwa, kwa sababu mwanachama wa FIFA haruhusiwi kucheza na asiye mwanachama bila idhini. Katazo hilo linazibana hata klabu za Uturuki. Nchi inayoweka wanajeshi wake kaskazini kwa maelfu haiwezi kuialika timu ya kaskazini kwenye ligi yake.

Mlango uliwahi kufunguka kidogo. Tarehe 5 Novemba 2013, mjini Zurich, rais wa CFA Costakis Koutsokoumnis na wa KTFF Hasan Sertoğlu walisaini makubaliano ya awali mbele ya Sepp Blatter na Michel Platini, wakuu wa FIFA na UEFA wakati huo: KTFF iingie chini ya mwavuli wa CFA, iendelee kuendesha ligi yake, na wachezaji wake watambulike. Kiufundi ilikuwa njia pekee ya maana, na bado naamini hivyo. Lakini kuingia chini ya CFA, kwa mwanasiasa wa kaskazini, ni sawa na kukiri kwamba dola yake haipo. Makubaliano hayakutekelezwa.

Mzanzibari anayesoma hapa ameshaanza kutabasamu kwa uchungu. Hali zetu si moja, Zanzibar haina mgogoro wa nani anaikalia, lakini kufuli ni lile lile: FIFA haipokei chama cha eneo lisilo nchi huru bila ridhaa ya chama cha nchi husika. CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliipokea Zanzibar Machi 2017 kule Addis Ababa, na Julai mwaka huo huo ikaitoa kule Rabat. Miezi minne. Na tumeshakutana na hawa ndugu zetu wa Kupro uwanjani. Mwaka 2006, Hamburg, kwenye uwanja wa St. Pauli, yalichezwa mashindano ya timu zisizo za FIFA: Greenland, Tibet, Gibraltar, wenyeji, Kupro ya Kaskazini na Zanzibar. Fainali ilikuwa sisi na wao, 0-0, wakatutoa kwa matuta 4-1. Matuta na sisi, hiyo ni makala nyingine. Katika timu zote zile, Gibraltar peke yake ndiyo imeingia FIFA, mwaka 2016, baada ya kupigana miaka mingi mahakamani.

Simwambii kijana yeyote asiende. Ligi ile ina Waafrika wengi, hasa kutoka Afrika Magharibi, na baadhi yao waliingia kama wanafunzi wa vyuo vya huko ndipo wakapata timu. Kuna wanaolipwa vizuri na kwa wakati. Ninachokataa ni wakala kumwambia mama yake kwamba anakwenda Ulaya. Kisiwa chote kiliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004, lakini sheria za Umoja zimesimamishwa kaskazini. Ndege zote za Ercan hupitia Uturuki. Na lira unayosaini Agosti si lira utakayopokea Mei.

Kwa winga wetu nilidai mambo matatu: barua ya kuachiwa kutoka klabu yake, yenye muhuri, mshahara utajwe kwa euro hata kama utalipwa kwa lira, na tiketi ya kurudi iwe mkononi mwake, si mkononi mwa wakala. La pili walikataa. La kwanza lilichukua wiki tatu na simu nyingi, tiketi ikabidi isogezwe.

Sasa anacheza Famagusta. Juzi mjomba kanipigia kwa furaha: timu moja ya Larnaca inataka kumjaribu, na kwa gari haifiki saa moja, avuke tu Jumatatu arudi Jumanne? Nikamwambia asithubutu. Kwa Jamhuri ya Kupro, aliyeingia kwa Ercan ameingia kisiwani bila ruhusa. Ili afike Larnaca kihalali itabidi arudi Istanbul, atafute viza ya Kupro, kisha apande ndege kupitia Athens au Dubai, kwa sababu kati ya Uturuki na Larnaca hakuna ndege. Mjomba akanyamaza. Kisha akauliza nauli ya Dubai ni shilingi ngapi.