Faiba si bati: kutoa rangi kuukuu bila kuchuna ngozi

Kazi yangu ya kila siku ni boti. Yadi yetu iko Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, na karibu kila chombo ninachokipaka rangi ni cha faiba. Ndiyo maana mzee mmoja alipoleta Lotus Elan yake, kigari cha spoti cha Kiingereza cha miaka ya 1960 chenye bodi ya faiba juu ya chesisi ya chuma, sikushtuka. Mafundi wawili wa magari walikuwa wameshaikataa. Mimi niliona boti yenye magurudumu, rangi inabambuka kama magamba ya sato.

"Fundi, si unapaka rimuva tu, halafu unakwangua?"

Hilo swali naulizwa sana. Kwenye bati, rimuva, yaani dawa ya kutoa rangi, hula rangi ikafika kwenye chuma, ikakwama hapo. Faiba ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na resini ya poliesta, na juu yake kuna jelikoti, ngozi nyembamba ya kama nusu milimita. Resini na rangi ni ndugu. Dawa inayomla mmoja haimwachi mwenzake. Nilijifunza kwa hasara yangu mwenyewe, miaka nikiwa bado kijana wa kazi. Nilipaka rimuva ya kawaida ubavuni mwa boti, nikaenda kunywa chai. Niliporudi jelikoti ilikuwa imevimba na kulainika kama uji, nyuzi zinachungulia. Zipo rimuva zilizotengenezwa mahususi kwa faiba, lakini hata hizo najaribu kwanza mahali pasipoonekana, chini ya boneti kwa mfano. Zile kali zenye kloridi ya methilini sizitaki kabisa: mvuke wake unaua mtu kwenye chumba kilichofungwa, na Marekani ilipiga marufuku kuwauzia watu wa kawaida rimuva za aina hiyo mwaka 2019.

Moto nao hapana. Resini ya poliesta huanza kulegea hata kabla ya joto la maji kuchemka, na bunduki ya hewa moto hupita mbali zaidi ya hapo. Boneti ikishapinda, hakuna nyundo ya kuinyoosha. Kupuliza mchanga kwa kompresa ndiyo kabisa, unatoboa vitundu vingi kuliko rangi unayotoa.

Tunabaki na wembe, msasa na subira.

Kwanza kuosha. Sabuni, kisha dawa ya kuondoa nta na silikoni, kabla msasa haujagusa kitu. Ukiruka hatua hii unaisugua silikoni iingie ndani, na rangi mpya itakutoka vidoti kama macho ya samaki. Elan hii nashuku iliharibika kwa kurukwa hatua nyingine, ya msasa: chini ya tabaka la juu rangi ya zamani ilikuwa bado inang'aa, haikukwaruzwa hata kidogo. Rangi mpya haikuwa na pa kushika.

Rangi iliyoachia namna hiyo ni zawadi kwa wembe. Nachukua wembe mgumu wa upande mmoja, nasaga pembe zake mbili kwenye jiwe ziwe mviringo ili zisichore, naulaza karibu na bodi na kusukuma taratibu. Yaliyokuwa yamebanduka yalitoka vipande vikubwa kama kiganja. Boneti nzima ilikwisha kwa siku moja. Milango ilinichukua siku nne, maana huko rangi ilikuwa imeng'ang'ania.

Palipogoma wembe naingia na msasa: namba 80, ule mkali, kwa tabaka za juu tu, 120 nikikaribia, 180 nikigusa jelikoti, namaliza na 320. Kwenye mikunjo na kingo naacha mashine, nashika kibao kwa mkono, kwa sababu jelikoti ya ukingoni huisha kabla hujapepesa jicho. Utajuaje umefika? Vumbi hubadilika rangi. Wazee wa boti husema pua ndiyo inayokuambia: ukisaga poliesta inatoa harufu kali yenye utamu fulani. Ni kweli, ila mwenye barakoa nzuri hasikii harufu, na barakoa haivuliwi kwa ajili ya methali. Ukiona nyuzi, umeshapitiliza.

(Mwenye Corvette asinifuate kichwa kichwa. Gari hilo ni la faiba tangu la kwanza la 1953, lakini bodi zake za kiwandani hazina jelikoti, nyuzi ziko karibu zaidi na msasa.)

Vumbi la faiba ni upupu. Vaa mikono mirefu, paka poda mikononi, na jioni oga maji baridi kwanza bila kujisugua. Rangi za miaka ile zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo tabaka za chini nilisaga kwa maji ili vumbi lisiruke.

Nyufa ndogo za utando wa buibui kuzunguka taa nilizichimba hadi mwisho wake, nikajaza resini. Ukipaka rangi juu yake bila kuchimba, zinarudi.

Halafu kukausha, na hapa ziwa lina neno. Faiba iliyovuliwa rangi hunyonya unyevu, na asubuhi za hapa zina umande mzito. Ukifungia maji chini ya praima, ile rangi ya msingi, jua la mchana linayageuza malengelenge. Kila jioni nilibandika kipande cha nailoni kwenye boneti, kingo zote nikaziziba kwa gundi ya karatasi, na kukikagua alfajiri. Wiki ya kwanza kilikuwa na jasho ndani. Mzee alipiga simu kila siku: "Fundi, bado tu?" "Bado, mzee wangu, inatoka jasho."

Siku ya kumi na mbili nailoni iliamka kavu. Siku hiyo mimi ndiye niliyepiga, kumwambia praima ya epoksi inaingia saa nne.