Tairi Linapokula Madigadi: Tafuta Chanzo Kabla ya Nyundo

Gari likishuka tuta likiwa limejaa, nyuma husikika mkwaruzo mfupi, kisha kimya. Madereva wengi hapa Malindi wanaujua mlio huo na huendelea na safari, kwa kuwa gari halijasimama. Mlio huo ni tairi linasugua upindo wa madigadi. Mimi ni fundi wa bodi, na magari mengi ninayoletewa yana kutu iliyoanzia hapo hapo, kwenye mchubuko ambao ungemalizwa mapema kwa kazi ndogo.

Upindo ni ule ukingo wa bati uliokunjwa kuelekea ndani, unaozunguka nafasi ya gurudumu. Ukipitisha vidole chini ya madigadi utauhisi. Bati la gari haliufikii unene wa milimita moja, na bila mkunjo ule lingetetemeka na kupinda kwa kuguswa tu. Kwa madigadi ya nyuma upindo una kazi kubwa zaidi: bati la nje na bati la ndani hukutana pale, yakachomelewa kwa nukta nukta na kuzibwa kwa gundi ya maungio ili maji yasipenye. Ya mbele ni kipande kimoja kilichofungwa kwa bolti. Tofauti hii iweke akilini, maana kosa linalosameheka mbele halisameheki nyuma.

Mteja akifika, neno la kwanza huwa, "Fundi, kata hicho kibati tumalize." Sikati. Ukikata upindo wa nyuma umefungua mshono wa mabati mawili, na tangu siku hiyo maji, mchanga na chumvi vinaingia moja kwa moja ndani ya ubavu wa gari, mahali ambapo mkono haufiki. Ukikata wa mbele, madigadi inalegea, na ukingo unaobaki ni mkali kama kisu. Siku tairi likiufikia, halitasuguliwa tena, litachanwa.

Kwa hiyo kwanza nauliza: mlio ulianza lini? Baada ya kubadilisha matairi? Baada ya kuinua au kushusha springi? Baada ya kugongwa? Jibu la swali hilo huniokolea saa nyingi.

Matairi ndiyo chanzo ninachokikuta zaidi. Soma ubavuni. Tuseme gari lilikuja na 175/70R14, mwenye gari akaweka 195/65R15 kwa sababu alipata seti nzuri kwa bei nafuu. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Piga hesabu: tairi la kwanza lina kimo cha milimita 601 hivi, la pili karibu 635. Nusu ya tofauti hiyo, yaani milimita 17, imepanda juu kuelekea madigadi, na kila upande tairi limenenepa kwa milimita 10. Nafasi iliyoachwa na kiwanda imeliwa kabla hata hujapakia gunia moja.

Kisha kuna rimu zenyewe. Ndani ya rimu nyingi kuna herufi ET na namba. Hiyo inaonyesha uso wa rimu unaokaa kwenye habu (kitovu kinachofungiwa gurudumu) uko umbali gani kutoka katikati ya upana wa rimu. Ukitoa rimu ya ET45 ukafunga ya ET35 yenye upana uleule, gurudumu zima limetoka nje milimita 10. Spesa, kipande cha chuma kinachowekwa kati ya habu na rimu, ya milimita 15 inalisogeza milimita 15 kamili. Vijana wanapenda gurudumu lijae vizuri chini ya madigadi, na kweli linapendeza, lakini lipime gari likiwa na watu ndani, si likiwa tupu uani.

Springi zikichoka, tairi halijabadilika ila gari limelishukia. Weka gari tupu mahali tambarare, chukua futi, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi kwenye upindo, kulia na kushoto. Pande mbili zikipishana zaidi ya sentimita moja, tafuta springi iliyovunjika au bushi (mpira wa maungio) iliyokufa kabla ya kugusa bati. Probox zinazobeba mizigo kwenda Gongoni na Marereni nazipima hivi kila zinapofika. Chungulia pia raba za kikomo, vile vipande vya mpira vinavyozuia gurudumu lisipande kupita kiasi. Mara nyingi zimeoza zikaanguka, na hakuna aliyezikumbuka. Ni kipuri cha bei ndogo, na nimeona magari yaliyoacha kusugua kwa kurudishiwa raba hizo tu.

Kuna kisa kinachowachanganya hata mafundi: tairi linasugua upande mmoja tu, na vipimo vya kimo ni sawa. Kwa magari yenye ekseli nzima, yaani mhimili mmoja unaounganisha magurudumu ya kulia na kushoto, kama Land Cruiser za mfululizo wa 80 zinazoinuliwa kwa ajili ya njia za Tsavo, ekseli imeshikwa na fimbo ya mlalo kutoka kwenye chesisi. Ukiinua gari, fimbo ile inabadilika pembe na kuivuta ekseli nzima kuelekea upande mmoja. Unaweza kugonga madigadi mpaka kesho, ekseli itabaki pembeni. Dawa yake ni fimbo inayorekebishika urefu, ekseli irudi katikati.

Ili kujua panapogusa, natumia chaki. Paka upindo mzima na bega la tairi (pale uso wa tairi unapokutana na ubavu), pakia gari kama linavyopakiwa siku ya safari, vuka tuta polepole, kisha zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto ukiwa uwanjani. Chaki iliyofutika juu katikati ya duara la madigadi inasema gari linashuka mno. Iliyofutika karibu na bampa, mbele, inasema tairi linagusa wakati wa kukata kona, na hapo mara nyingine ni kilindo cha plastiki (kile kinachofunika ndani ya madigadi) kilicholegea kwa kukosa vibanio, si bati kabisa.

Kabla ya kazi ya bati, toa gurudumu ulikague. Mfereji ulioliwa begani, au nyuzi zilizoonekana ubavuni, maana yake tairi hilo limekwisha. Ubavu hauzibwi. Hapa sikubali kubembelezwa na mtu yeyote, kwa sababu ubavu hupasuka gari likiwa kasi, na barabara ya kwenda Mombasa ina kasi na joto.

Sasa bati. Kwetu pwani bati lililo wazi halisubiri mvua. Upepo wa bahari unabeba chumvi, njia ya Gongoni inapita karibu na mashamba ya chumvi, na chumvi huvuta unyevu hewani usiku kucha. Kwa hiyo kuosha ni sehemu ya kazi. Tumia maji ya mfereji, yale yanayotoka Baricho, Mto Sabaki. Usitumie maji ya kisima, kwa kuwa visima vingi vya mjini vina chumvi. Chumvi ikibaki chini ya rangi haionekani, lakini itaendelea kuvuta maji na rangi itatoa malengelenge hata kama umepaka vizuri sana.

Upindo uliosukumwa nje urudishwe kwa nyundo nyepesi na doli (kipande cha chuma cha kushikilia) nyuma yake, ukianzia kwenye ncha za mbonyeo kuja katikati, kidogo kidogo. Ukipiga kwa nguvu bati linatanuka, na bati lililotanuka halikai tena.

Kama chanzo kimeshughulikiwa na bado nafasi ni finyu, hapo ndipo upindo unaweza kukunjwa ndani zaidi. Kipo kifaa chenye roda (gurudumu dogo la kukandamiza) kinachofungwa kwenye habu badala ya gurudumu. Pasha rangi kwanza kwa mashine ya hewa moto hadi nyuzi 50 au 60 za Selsiasi, ilainike isipasuke, halafu pitisha roda mara nyingi ukiongeza mkazo kidogo kila mara. Usitumie moto wa gesi. Mtindo wa kuingiza bomba la maji kati ya tairi na madigadi kisha kusukuma gari unakunja mahali pamoja na kuacha mawimbi kwenye bati. Na usiulaze upindo ukagusana kabisa na bati, kwa sababu matope yenye chumvi yatanaswa mle ndani yasioshwe tena. Nyuma, gundi ya maungio hupasuka wakati wa kukunja. Iondoe iliyokufa, paka mpya mshono wote.

Baada ya hapo piga msasa namba 80 hadi chuma kiwe cheupe, tia dawa ya kutu kwenye vishimo, kisha praima ya epoksi, yaani rangi ya msingi inayoshika chuma. Puti, ile ya kujazia mabonde, ije juu ya epoksi, si juu ya kutu, na iwe nyembamba, isizidi milimita mbili tatu. Kwenye upindo wenyewe mimi siweki puti hata kidogo, kwa sababu mahali pale panatikisika na itabanduka. Rangi nyunyiza asubuhi, umande ukishakauka na upepo haujainua vumbi. Msimu wa kusi, mvua ikikaribia, heri kungoja siku moja. Mwisho nyunyizia nta ndani ya uwazi wa madigadi ya nyuma, kupitia matundu yaliyo ndani ya buti.

Madigadi ya mbele ikiwa imeoza, usiing'ang'anie. Ni bolti tu, nunua iliyotumika. Ukienda kuichagua beba sumaku ndogo, ipitishe polepole kwenye duara lote la madigadi. Pale inapokataa kushika pamejazwa puti. Kisha igeuze uangalie upindo kwa ndani, ambako muuzaji huwa hapaki rangi, na ukiona kutu inayomeguka kwa ukucha, irudishe mahali ulipoitoa.