Nani Alitangulia? Risasi, Sarafu ya Kidijitali na Suala la Mwamuzi

Kazi yangu ni kutengeneza programu za malipo kwa njia ya simu hapa Unguja, na nyakati za usiku hucheza michezo ya video ya kurushiana risasi. Nimekaa na mambo haya mawili muda mrefu kiasi cha kuamini kwamba yote yanasumbuliwa na swali moja la kifalsafa: matukio mawili yanapotokea mahali palipo mbalimbali, ni nani mwenye haki ya kusema lipi lilitangulia?

Tuchukue mchezo wa Counter-Strike. Mimi niko Kikwajuni, mpinzani wangu yuko Ujerumani, na seva, yaani kompyuta kuu inayotuunganisha, iko Frankfurt huko huko. Mwanga ndani ya kebo ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja, na kutoka hapa hadi Frankfurt ni karibu kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo, hata kama kebo isingezunguka baharini, na hata kama mitambo ya njiani isingekula muda wowote, taarifa yangu isingeweza kwenda na kurudi kwa chini ya milisekunde 70. Kwa hali halisi pingi, yaani muda huo wa kwenda na kurudi, huwa juu zaidi ya hapo. Maana yake ni kwamba adui ninayemwona kwenye skrini ni adui wa muda uliokwisha pita. Ili nisionewe kwa sababu ya umbali, seva inapopokea risasi yangu huwarudisha wachezaji wengine nyuma, mahali walipoonekana kwangu nilipofyatua, kisha ndipo inapima kama nimelenga sawasawa. Ndiyo sababu mchezaji aliyekwisha kuingia nyuma ya ukuta hujikuta ameuawa: kwake yeye ukuta ulikuwa umeshamkinga, kwangu mimi alikuwa bado wazi, na seva imeamua kuniamini mimi. Mpwa wangu huja juu yanapomfika, "Mjomba, mimi nilikwisha jificha!", naye husema kweli. Aliyempiga pia husema kweli.

Tatizo hilo hilo ndilo lililokwamisha kwa miaka mingi fedha ya kidijitali isiyotegemea benki. Noti ikitoka mkononi imetoka, lakini tarakimu hunakiliwa. Mtu akituma sarafu ile ile kwa muuza duka wa Darajani na kwa muuza duka wa Chake Chake, mmoja wao lazima aambiwe hapana, na haki ni kwamba aambiwe yule aliyekuja nyuma. Katika malipo ya simu, seva ya kampuni ndiyo inayoamua nani alikuja nyuma, na hakuna anayehoji. Waraka wa mwaka 2008 uliotolewa kwa jina la Satoshi Nakamoto ulipendekeza njia nyingine, na mtandao wa Bitcoin ukaanza Januari 2009. Miamala hukusanywa katika mafungu yaitwayo bloku; kompyuta za wachimbaji, yaani watu wanaoziidhinisha bloku hizo, hushindana kufumbua fumbo la hesabu; kwa wastani wa kila dakika kumi mshindi huongeza bloku yake kwenye mnyororo wa bloku zilizotangulia na kupewa sarafu mpya, ambazo tangu Aprili 2024 ni 3.125. Washindi wawili wakitokea kwa pamoja, mnyororo hugawanyika matawi mawili hadi tawi moja lipate kazi nyingi zaidi ya hesabu, na lile jingine huachwa. Kwa hiyo, anayepokea kiasi kikubwa hushauriwa kusubiri bloku sita, yaani kama saa nzima, kabla ya kukabidhi mali yake.

Watu husema Bitcoin haina mwamuzi. Sikubaliani nao. Inaye, nao ni ule ushindani wa kompyuta, ila hana ofisi, na hula umeme.

Mwanahisabati Mfaransa Henri Poincaré aliandika mwaka 1898 kwamba binadamu hana hisia ya moja kwa moja ya kujua kama matukio mawili ya mbali yametokea kwa wakati mmoja. Huchagua kanuni inayomrahisishia mambo. Mwaka 1978 Leslie Lamport, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alilipeleka wazo la namna hiyo kwenye mitandao: ikiwa hakuna ujumbe ulioweza kutoka tukio moja kufika jingine, hakuna lililotangulia, mpaka tukubaliane namna ya kuyapanga. Sisi wa visiwani mjadala huu hatuuoni mgeni. Kila Ramadhani inapokaribia tunahojiana kama mwezi ulioandama nchi ya mbali unatulazimu na sisi kufunga. Kuwapo kwa mwezi hakuna anayekutilia shaka. Kinachojadiliwa ni ushahidi wa nani unaoifanya kesho kuwa siku ya kwanza.

Mwanafalsafa Bernard Suits alieleza kwamba kucheza ni kujitolea kwa hiari kushinda vikwazo visivyo vya lazima. Maelezo hayo yananitosha kuikubali hukumu ya seva hata inaponidhulumu, kwa sababu mlango wa kutoka uko wazi, na nitakachopoteza ni raundi moja. Fedha haina mlango huo. Mchuuzi wa Mkoani hakuchagua kuishi kwa fedha, wala hawezi kuizima akalala. Akimtumia pesa mtu asiyekusudiwa, katika malipo ya simu huwapigia huduma kwa wateja, na ikiwa aliyepokea hajazitoa, huweza kurejeshewa. Katika Bitcoin hakuna wa kumpigia. Wanaoitetea hujibu kwamba mwamuzi mwenye ofisi huweza pia kufunga akaunti ya mtu bila sababu. Hofu hiyo naiheshimu, lakini bado namchagua mwamuzi anayeweza kupigiwa hodi na kushitakiwa.

Januari 2023 Benki Kuu ya Tanzania ilieleza kwamba italiendea suala la sarafu yake ya kidijitali kwa tahadhari na kwa hatua. Natamani katika hatua hizo afikiriwe mvuvi wa Kojani anayeuza samaki siku mtandao umekatika. Simu mbili zikilipana bila seva, sarafu moja inaweza kutumika mara mbili kabla mwamuzi hajapata habari. Mafundi tuna njia mbili: kuweka ndani ya simu chipu inayokataa kunakili, au kuweka kikomo kidogo cha malipo mpaka mtandao urudi. Chipu huvunjwa, na kikomo hupunguza hasara bila kuiondoa, kwa hiyo lazima awepo wa kuibeba. Kwa maoni yangu Benki Kuu ndiyo iibebe, kwa kiwango kitakachotangazwa mapema, kwa kuwa mvuvi aliyesimama ufukweni hana njia yoyote ya kujua kama sarafu aliyopewa imeshatumika Wete.