Tableti (ile ya kioo cha kugusa, si kidonge) kwa mzee aliyeanza kusahau: maswali mnayoniuliza sana

Babangu anasahau sahau, si ni uzee tu huo?

Kusahau ulipoweka funguo ni kawaida, hata mimi. Lakini mtu akiuliza swali moja mara tano na chai haijapoa, ama akipotea kutoka msikitini kuja nyumbani, njia ya miaka yake yote, basi mpelekeni hospitali kwanza, tableti baadaye. Si kila kusahau ni demensia, yale maradhi ya ubongo yanayokula kumbukumbu. Kuna upungufu wa vitamini B12, kuna shida ya thairoidi, ile tezi ya shingoni, depresheni, hata dawa anazomeza, na hayo yanatibika. Wengine hawasahau, hawasikii tu vizuri. Na jamani si kurogwa! WHO, shirika la afya duniani, wanakadiria mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na demensia, wote hao waliwakosea majirani gani?

Kuna programu inayorudisha kumbukumbu?

Hakuna. Anayekuuzia hio anataka pesa zako. Michezo ya akili humfanya mtu auzoee ule mchezo, akiupenda mwacheni acheze, lakini si dawa.

Sasa tableti ya nini?

Ya kuongea. Kwenye demensia, zaidi ile ya Alzheimer, mambo mapya ndio hutoroka mwanzo, ya zamani yanakawia kutoka. Mama mkubwa wangu, tunakaa naye Majengo, hakumbuki kama asubuhi alikula mahamri, lakini nilitoa leso zake zote sandukuni nikazipiga picha moja moja nikaziweka albamu moja kwenye tableti, sai ukimfungulia anapeleka kidole kwa jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, anasoma polepole, alafu anakwambia hii nilipewa harusini kwa fulani, hii niliinunua Biashara Street makusudi kumchokoza jirani, na anacheka hadi anajifuta machozi. Kama yote ni kweli sijui, na wala sibishani naye.

Kitu kimoja tu, usimuulize "huyu unamkumbuka?" Huo ni mtihani na akifeli anaona haya. Sema wewe mwenyewe, "huyu si Ami, siku ile tulipokwenda Lamu," alafu nyamaza, umuachie yeye aendelee. Na ukae naye hapo, ukimpa tableti ukaenda jikoni baada ya dakika mbili atakuwa ameiweka chini ya mto.

Na kumkumbusha dawa?

Inasaidia, ila tulipata shida ambayo waliotengeneza hizi programu hawakuiwaza. Kengele ikalia, kioo kikaandika 8:00, mama mkubwa akakataa dawa katakata, ati saa nane bado, adhuhuri haijaadhiniwa! Ikabidi nitoe hio kengele nirekodi sauti yangu: "Mama mkubwa, ni saa mbili asubuhi, meza dawa ya presha." Hio anaitikia kabisa, "haya mwanangu." Lakini tableti haioni kama amemeza ama amemeza mara mbili, kwa hio dawa zenyewe ziwe kwako.

Akigusa kioo hakishiki, anakasirika

Vidole vya wazee huwa vikavu, na kioo kinataka unyevu kidogo. Mpake mafuta mepesi mikononi mapema yakauke, ama mnunulie kalamu ya kugusia. Picha za programu ziwe nne tu, kubwa, na maandishi makubwa. Android na iPad zote zina njia ya kufungia programu moja ili asipotelee kwengine, ipo kwa settings. Mambo ya M-Pesa na benki yasiwe humo kabisa. Na kioo kikizimika kigeuzeni, wetu aliona uso wake kwenye ule weusi akatuuliza huyu bibi ameingia saa ngapi na mbona hamjamkaribisha.

Mimi ninayemlea je? Nimechoka

Najua. WHO wana mafunzo ya bure ya walezi yanaitwa iSupport, yako mtandaoni, yanafundisha kumuogesha, kumlisha, na kujichunga wewe pia. Alafu piga simu ya video kwa wale ndugu wa Dubai wanaosema "mbona yuko sawa tu," waacheni waongee naye saa nzima si dakika tano, wataelewa. Ila msimrekodi akichanganyikiwa mkaweka status, hio ni kumvunjia heshima.

Maghribi anafunga mkoba anataka kwenda kwao, nimpe tableti?

Usimpe. Hio saa wengi huchanganyikiwa zaidi, na kelele za video zinaweza kumzidishia. Washa taa mapema, funga mlango wa nje polepole asione, mpe kitu cha mikono. Mimi humuwekea mbaazi kwenye ungo, nakaa ubavuni, tunachambua. Mkoba hubaki mapajani, ila baada ya muda hauulizii tena.